Anayetaja namba uliyoificha moyoni: anaijuaje?

Dada uliyeuliza kuhusu yule kijana wa steji ya boda pale Busia, aliyekutajia namba uliyokuwa umeiwaza, na sasa unahofia atajua namba yako ya siri ya kutolea pesa kwenye simu: inategemea alikuuliza nini. Nafundisha hisabati sekondari upande wa Tororo, na michezo hii ndiyo ninayoanzia somo la aljebra. Iko ya aina mbili.

Ya kwanza huifuta namba yako. Waza namba, zidisha kwa 2, jumlisha 10, gawa kwa 2, toa ile uliyoanza nayo. Utabaki na 5 hata ungeanza na milioni. Namba yako imeingia ikatoka. Iliyobaki ni nusu ya 10 aliyokupa yeye mwenyewe.

Ninaoupenda kupita yote ni wa 1089. Naandika namba hiyo kwenye karatasi, naikunja, nampa mwanafunzi wa dawati la nyuma aikalie. Halafu kila mtu achague namba ya tarakimu tatu, ya kwanza na ya mwisho zisilingane. Tuseme 852. Igeuze iwe 258, toa ndogo kwenye kubwa: 594. Geuza na hiyo, jumlisha: 594 + 495 = 1089. Darasa zima linapata jibu hilohilo, na hapo ndipo wanaanza kudai maelezo kwa kelele! Siri iko kwenye kutoa: tarakimu ya katikati inajifuta, na tofauti inakuwa kigawe cha 99, yaani 099, 198, 297 hadi 891. Zitazame vizuri. Katikati daima ni 9, na za pembeni zikijumlishwa ni 9. Ukigeuza na kujumlisha huna njia nyingine ila 1089. Anayepata 99 lazima aiandike 099, la sivyo mchezo unaharibika.

Aina ya pili ndiyo ya kuangalia, maana humo unampa namba yako mkononi bila kujua. Anakwambia: chukua umri wako, zidisha kwa 2, jumlisha 5, zidisha kwa 50, ongeza idadi ya ndugu zako, niambie umepata ngapi. Mwenye miaka 34 na ndugu 6 atasema 3656. Yeye anatoa 250 kimoyomoyo, anabaki na 3406: 34 na 06. Zile hatua zote zimezidisha umri kwa 100 na kuongeza 250, basi. Kadi zile 6 za namba 1 hadi 63, anazokuonyesha moja moja nawe unakubali au kukataa kama namba yako imo, nazo ni hivyohivyo. Kila kadi inaanza na 1, 2, 4, 8, 16 au 32, na anajumlisha za mwanzo kwenye kadi ulizokubali. Ukikubali ya 32, ya 4 na ya 1, namba yako ni 37.

Kwa hiyo kama kijana hakukuuliza kitu, alitaja tu jibu la mwisho, namba uliyoanza nayo haijui. Kama alikuomba umwambie ulichopata, hesabu yake usiifanye kamwe kwa namba yako ya siri, hata kwa mzaha. Ukizikumbuka hatua alizokupa, ziandike hapa tuzifungue moja moja.