Pengo la silikoni limegoma kufika 1.12

SWALI: Nakokotoa silikoni kwa programu ya Quantum ESPRESSO kwenye laptopu, nikitumia PBE, fomula ya kukadiria nishati ya elektroni. Pengo la nishati, kati ya bendi (ngazi za nishati) zilizojaa elektroni na zilizo tupu, linatoka karibu 0.6 eV, ilhali vipimo vya maabara vinasema 1.12. Nimezidisha nukta za k (sampuli za mwendo wa elektroni ndani ya fuwele) mpaka mashine inachemka, namba haisogei. Naomba mnisaidie, nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa shahada ya pili

JIBU: Hujakosea, ndugu. Hiyo 0.6 ndiyo PBE yenyewe. PBE iko ndani ya DFT, nadharia ya msongamano. Njia hiyo, ambayo Hohenberg na Kohn waliiwekea msingi mwaka 1964, hushika msongamano wa elektroni zote kwa pamoja. Kipande kimoja cha nishati yao hakina fomula kamili, na PBE ya mwaka 1996 hukikadiria tu. Katika makadirio hayo elektroni husukumwa kidogo na chaji yake yenyewe. Isitoshe, elektroni moja ikiongezwa, potenshali ya ndani (nishati ambayo elektroni huipata kutokana na wenzake) inapaswa kuruka ghafla. PBE hairuki, na mruko huo ni sehemu ya pengo halisi.

Hata hivyo, kagua faili lako kwanza. celldm(1), yaani urefu wa upande wa kisanduku cha fuwele, husomwa kwa bohr, kipimo cha urefu cha kiatomi: silikoni ni 10.26. Ukiandika 5.43, ambayo ni angstromu, umeikandamiza fuwele karibu nusu. Kisha nbnd, idadi ya bendi za kukokotoa. Atomi mbili zina elektroni 8 za nje, zinajaza bendi 4, na programu huishia hapo; weka nbnd=8, la sivyo hakuna bendi ya juu ya kupimia.

Gridi ya nukta za k ndiyo inayowaponyoka wengi. Kilele cha bendi ya chini kiko Γ, nukta ya katikati, lakini bonde la bendi ya juu liko kama 0.85 ya njia ya kutoka Γ kwenda X, nukta ya ukingoni. Gridi ya 8 8 8 0 0 0 (nukta 8 kila upande, bila kusogezwa) hukanyaga 0.75, kisha 1, ikaliruka bonde. Ya 12 hukanyaga 0.83, na hiyo inatosha. Usiisogeze kwa kuweka 1 1 1 mwishoni: utaikosa Γ na pengo litapanuka kwa uongo, ukadhani umepona.

Baada ya hapo weka input_dft='hse', yaani HSE, fomula nzito zaidi inayorekebisha kasoro hizo za PBE, na nqx1, nqx2, nqx3 (gridi ya hesabu yake ya ziada) ziwe 2. Somea pengo kwenye scf yenyewe, hesabu kuu ya kwanza, kwa sababu hatua ya bands, ya kuchora bendi, haikubali HSE. Kazi ya dakika itakula saa kadhaa, lakini utafika jirani kabisa na 1.12.