Anzia kwenye mitambo, hewani utafika

Mdogo wangu, umesema hii ni wiki ya tatu uko mafunzoni idara ya michezo redioni na hujagusa maikrofoni, unabeba tu kinasa sauti. Usiharakie hewani. Kaa na fundi mitambo kipindi kizima, uone anavyopandisha na kushusha sauti kwenye miksa na anavyomwingiza mwandishi aliyeko uwanjani kwa simu. Nyumbani weka Audacity, programu ya kuhariri sauti, kwenye kompyuta, ni ya bure, kisha ukate mahojiano ya dakika 10 yabaki sekunde 30 zenye hoja moja. Anayejua kukata sauti vizuri hutafutwa chumba kizima cha habari.

Utangazaji nao ujifunze hivi: Simba na Yanga wakicheza, zima sauti ya televisheni, jirekodi ukitangaza dakika 15. Msikilizaji haoni! Mwambie mpira uko upande gani, nani anao, na matokeo uyarudie mara kwa mara, maana kuna anayefungulia redio sasa hivi. Mimi hilo lilinichukua muda mrefu kulizoea. Rekodi moja fupi mpelekee mtangazaji mzoefu, umwombe akukosoe bila kukuonea haya.