Baba anataka kutoa shamba lake liwe bustani ya watu: aanzie wapi?

Swali: Baba yetu aliwahi kuwa waziri wa jimbo. Ana shamba njia ya Kasenga, lenye nyumba, kisima na miombo ambayo wachoma makaa hawajaigusa. Anataka kulitoa liwe bustani ya watu wote, ila mama abaki nyumbani hadi mwisho wa maisha yake. Je, barua kwa gavana inatosha? (Msomaji, Lubumbashi)

Jibu la jeometa (mpima ardhi): Haitoshi, ndugu yangu. Barua ni heshima tu. Kabla ya kumwendea gavana, mwombeni mzee atoe sertifika ya shamba, yaani hati inayoonyesha haki yake, muisome pamoja.

Kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Kwa hiyo mzee hatoi udongo. Anatoa haki yake ya konsesio, yaani haki aliyopewa na Serikali ya kutumia udongo huo, pamoja na nyumba na miti aliyoipanda. Kama sertifika inasema amfiteozi (konsesio ya muda mrefu ya kuendeleza shamba), angalieni tarehe: muda wake hauzidi miaka 25 mpaka ufanywe upya. Itakuwa aibu kualika wakubwa na kamera kukabidhi shamba ambalo muda wake uliisha zamani.

Sasa hapa ndipo zawadi nyingi zinapopotelea. Ardhi ya Serikali ina mafungu mawili. Ile iliyotengewa matumizi ya umma haipewi mtu yeyote mpaka iondolewe rasmi kwenye matumizi hayo. Iliyobaki yote ni fungu la binafsi la Serikali, na hiyo inaweza kupewa mwombaji mwingine. Mzee akirudisha shamba bila arete (amri ya maandishi ya serikali) inayolitenga kuwa bustani, linaangukia fungu hilo la pili. Baada ya miaka michache atakuja mtu na karatasi zake, alikate viwanja, na hata hatakuwa amevunja sheria. Viwanja vya mpira vilivyoota nyumba hapa mjini mnavijua wenyewe. Ndiyo maana nashauri mzee asitie saini kwa mnotari (afisa anayethibitisha hati) kabla hajaona rasimu ya arete, na sharti la bustani liandikwe ndani ya hati yenyewe ya zawadi. Hotuba ya siku ya sherehe hailindi kitu.

Kuhusu mama: Eisenhower, rais wa zamani wa Marekani, alitoa shamba lake la Gettysburg kwa serikali mwaka 1967 huku akiendelea kukaa humo. Alifariki 1969, mkewe Mamie akabaki hapo hadi kifo chake 1979, na umma ukafunguliwa milango 1980. Lakini yeye udongo ulikuwa wake. Kwetu njia iliyo salama zaidi ni kulikata shamba: kipande cha nyumba, kisima na njia ya kupita kipate sertifika yake, kisha kilichobaki ndicho kitolewe. Msisahau hiyo njia. Bila yake mama atakuwa akipita bustanini kwa hisani ya mlinzi.

Kukata kunaanza na mipaka. Croquis (michoro ya mashamba) nyingi za zamani upande huo zinataja kichuguu kikubwa kama alama ya pembe, na vichuguu vyetu ndivyo wafyatua matofali wanavyovimaliza. Leteni jeometa wa kadasta (ofisi ya vipimo na mipaka ya ardhi) atafute borne za saruji, yaani vigingi vya mpaka, kwenye majani, majirani na chifu wakiwepo, na wote watie saini kwenye prosè-verbali (ripoti rasmi ya kazi hiyo) siku hiyohiyo. Ukikuta mihogo ya jirani imeshavuka borne, malizeni naye sasa. Bustani ya umma yenye kesi hakuna ofisi itakayoipokea kwa moyo.

Ya mwisho ni saini za nyumbani. Mama lazima akubali kwa maandishi, kwa sababu konsesio haihamishwi bila idhini ya wanandoa wote wawili, hata kama sertifika ina jina la baba peke yake. Na ninyi watoto, ambao sheria ya familia inawapa robo tatu ya urithi, tieni saini mapema pia, hata anayeishi mbali, kama Ndola kule Zambia.