Swali la lugha: "Maisha ya weusi ni muhimu" au tusemeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunabishana kuhusu lile vuguvugu la Marekani, Black Lives Matter. Mmoja anaandika "maisha ya weusi ni muhimu", mwingine "maisha ya watu weusi yana thamani". Ipi ndo sahihi? Na mbona wasingesema tu maisha ya watu wote?

JIBU: Marahaba. Hilo la mwisho ndo linafungua la kwanza, naanza nalo.

Maneno hayo yalizaliwa Julai 2013, pale mahakama ya Florida ilipomwachia huru George Zimmerman, yule mlinzi wa kujitolea wa mtaa aliyempiga risasi Trayvon Martin mwezi wa pili 2012, mtoto mweusi wa miaka 17 anarudi zake kutoka dukani na pakiti ya peremende na kinywaji. Mwanaharakati Alicia Garza akaandika Facebook kuwaambia watu weusi anawapenda na maisha yao yana thamani, rafiki yake Patrisse Cullors akayageuza kuwa hashtegi, Opal Tometi ambaye wazazi wake wametoka Nigeria akasaidia kuyasambaza mtandaoni, halafu Agosti 2014 polisi akamuua kijana mweusi Michael Brown kule Ferguson, jimbo la Missouri, na watu wakaingia nayo barabarani.

Yaani sentensi nzima ni jibu. Kuna mtoto kazikwa, aliyemuua karudi nyumbani, na huyu anayeandika anasema jamani, na haya nayo ni maisha. Ukimjibu "ya watu wote" unakuwa kama mtu aliyeenda msibani akaanza kuwaambia wafiwa kwamba kila mtu hufiwa.

Sasa tafsiri. "Maisha ya weusi" inanisumbua, kwa sababu weusi kwa Kiswahili ni rangi yenyewe pia, tunasema weusi wa usiku, weusi wa mkaa. Rudisha "watu". Kilichokuwa kinadaiwa pale ni utu, na utu umetoka kwenye mtu, sasa tukimtoa mtu kwenye sentensi tumebaki na nini?

"Muhimu" si kosa ila ni baridi, kikao nacho muhimu, tangazo nalo muhimu. Mi nachukua "thamani". Najua wapo wanaosikia soko ndani ya neno hilo, na mababu wa hawa watu waliuzwa kweli mnadani wakapangiwa bei, hoja nzito hiyo na inaniuma, lakini Kiswahili tunasema pia kumthamini mtu, na hapo hakuna bei.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini isiwe "uhai". Uhai ni ile pumzi, ndo alichonyang'anywa George Floyd Mei 2020 Minneapolis, askari kamkandamiza shingo kwa goti zaidi ya dakika 9 huku anasema hawezi kupumua. Ila madai ya vuguvugu yanaenda mbali zaidi, wanataka askari anayeua ashtakiwe kama mtu mwingine yeyote, na wengi wao wanataka sehemu ya bajeti ya polisi iende kwenye shule, makazi na afya. Hayo ni maisha, kulala, kusoma, kutoka dukani ukafika nyumbani.

Kwa hiyo mi ningeandika: Maisha ya watu weusi nayo yana thamani. Hiyo "nayo" ndo roho ya sentensi. Kiingereza chao hakikuiweka, ilibaki imefichika, ndo maana wengine wakasikia "yetu tu" na ugomvi ukaanzia hapo. Sisi tunayo, silabi mbili tu, na inamjibu yule wa "watu wote" kabla hajafungua mdomo. Mkiandika, ni neno moja, msitenganishe, na isiwe "nazo", maana maisha ni maisha yangu, maisha yana.