Kunguni wa mabawa ya lesi kwenye mibuni

SWALI: Mhariri, chini ya majani ya mibuni kihambani kwangu, Moshi, kuna wadudu wenye mabawa kama lesi. Je, ni walewale walio kwenye ua wangu wa lantana?

JIBU: Huenda sivyo, ndugu msomaji, ingawa wote ni wa familia ya kunguni wa mabawa ya lesi, Tingidae. Wengi hawafiki milimita 5, hivyo tumia lenzi. Usianze na rangi, ambayo hudanganya. Tazama kofia iliyo juu ya kichwa, kingo zilizotanuka pembeni mwa kifua, kisha uhesabu safu za vijitundu ukingoni mwa bawa, kwani hapo ndipo aina nyingi hutofautiana. Wa lantana, Teleonemia scrupulosa, ni mwembamba. Wa kahawa kwa kawaida ni wa jenasi Habrochila. Tunutu, yaani wadudu wachanga, wasikusumbue: hawana mabawa kamili ya kuchunguza.