Nodi yangu ya Bitcoin inafikika au haifikiki?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeweka Bitcoin Core, programu inayoifanya kompyuta kuwa nodi, yaani mshiriki wa mtandao wa Bitcoin, kwenye kompyuta ya nyumbani, nayo inaonyesha kuwa imeungana na nodi kumi. Nilipoingiza anwani yangu ya IP katika tovuti ya Bitnodes, inayopima kama nodi inafikika kutoka nje, niliambiwa kuwa nodi yangu haifikiki. Niamini lipi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, yaamini yote mawili. Miunganisho hiyo kumi ni ile ambayo programu yenyewe hutoka kuitafuta, minane ya kupashana habari za bloku (mafungu ya miamala) na za miamala na miwili ya bloku pekee, na hata nodi iliyofungiwa kabisa huweza kuipata. Anayetaka kujua kama wageni wanaingia aandike amri bitcoin-cli getnetworkinfo, kisha autazame mstari wa connections_in. Ukibaki sifuri siku nzima, huenda njia imezibwa mahali. Kupima ukiwa ndani ya mtandao wa nyumbani kunapotosha, kwa sababu ruta nyingi hazirudishi ndani mawasiliano yaliyolenga anwani yao ya nje, kwa hiyo pima kwa simu inayotumia data yake na si Wi-Fi ya nyumbani.

Kwanza hakikisha kwamba ruta imeelekezwa kupeleka poti 8333, mlango ambao nodi nyingine huingilia, kwenye kompyuta hiyo na kwamba faiwoli ya kompyuta, yaani kinga inayochuja mawasiliano, inairuhusu. Poti 8332, ambayo hupokea amri za kuiendesha programu, usiifungue kamwe kwa watu wa nje, hasa ikiwa una pochi ya bitcoin humo.

Yote hayo yakiwa sawa na bado njia haipiti, linganisha anwani ambayo ruta imepewa na ile inayoonekana kwenye intaneti. Ikiwa ya ruta iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hakuna utakalobadilisha kwenye ruta litakalosaidia. Mwombe anwani ya umma, au tumia Tor, mtandao unaoficha anwani za watumiaji wake, kwa kuwa Bitcoin Core ikiruhusiwa kuiamuru Tor hujitengenezea anwani ya onion, yaani ya ndani ya Tor, inayofikika bila kufungua poti yoyote kwenye ruta.

Nodi isiyofikika bado inakagua kila bloku kikamilifu, hivyo usiizime. Inachokosa ni kuzihudumia nodi mpya zinazotafuta pa kuanzia, na huduma hiyo, kwa maoni yangu, inastahili kabisa jioni moja ya kuhangaika na ruta.