Kwa nini godoro la lateksi ni gumu upande mmoja

Mkuu, umeuliza kwa nini godoro lako la lateksi ni gumu zaidi upande mmoja, na yale matundu ni ya nini. Si ubovu, ni njia ya Dunlop, moja ya njia za kutengeneza magodoro haya. Utomvu wa mpira, yaani lateksi, hutiwa amonia usigande, kisha huzungushwa kwa kasi mashineni hadi mpira ufike kama asilimia 60. Huongezwa sabuni, salfa na oksidi ya zinki, ukapigwa mpaka uumuke povu kama mayai ya keki. Kigandishi huingia mwisho kabisa, maana baada ya hapo zimebaki dakika chache tu: ukichelewa kumimina, povu linashika njiani na godoro linatoka na mapengo.

Kabla povu halijashika, chembe nzito huzama. Ndiyo maana chini pakawa pagumu. Matundu ni alama za pini za kalibu, zinazopeleka joto la mvuke la kuivisha povu, kama nyuzi 100, hadi katikati. Halafu godoro linaoshwa na kukaushwa. Wasipoosha vizuri, harufu haiishi.

Njia nyingine, ya Talalay, huondoa hewa kalibuni, hugandisha povu kwa baridi kali, kisha hupitisha kaboni dioksidi. Ugumu unalingana zaidi, ila bei nayo hupanda. Kama lako ni kipande kimoja, ligeuze tu.